Chakula cha Naserian

Wenzangu mliobaki jikoni mmeniomba niandike mambo ya kazi kabla sijayasahau. Nilivyopandishwa kuwa msimamizi wa jiko sitaeleza, kwa sababu siku ile hakuna kilichobadilika isipokuwa aproni. Mshahara nao mnaujua, maana wenu ni huohuo. Nitaandika kuhusu siku za mwanzo, vyombo, na watu walionifundisha. Zaidi nitaandika kuhusu mteja mmoja ambaye nimemwacha mikononi mwenu bila kuwaeleza vizuri yeye ni nani.

Siku ya kwanza nilitoka kwetu Ganako kwa miguu, nimevaa viatu vyangu vya kanisani. Bi Zuhura, mwenye mgahawa, alikuwa amesimama mbele ya jiko la mkaa na kipepeo mkononi. Alikuwa mjane mwenye asili ya Kondoa, na mishikaki yake ilijulikana na madereva wa watalii wote wanaopita Karatu kwenda Ngorongoro. Alinitazama kuanzia chini.

"Umekuja kupika au kuolewa?"

"Kupika, Bi mkubwa."

"Basi vua hivyo viatu. Mafuta yanaruka."

Wiki ya kwanza sikugusa nyama. Nilisafisha spoku. Mishikaki yetu wakati huo haikuchomekwa kwenye vijiti vya mianzi kama mnavyofanya sasa, ilichomekwa kwenye spoku za baiskeli, ambazo fundi alizikata, akazinoa ncha, nasi tukazipiga msasa na kuzichemsha. Spoku inapata moto ndani ya nyama, kwa hiyo kipande kinaiva kutoka pande zote mbili. Mianzi haiwezi kazi hiyo, ila mianzi haimuunguzi mtalii midomo, na ndiyo maana ilishinda.

Wiki ya pili nilifundishwa kukata. Kipande kiwe kama kidole gumba cha mtu mzima, na kila baada ya vipande vitatu vya nyama uweke kimoja cha mafuta. Kulainisha ni kwa papai bichi, lakini usipitishe saa moja, la sivyo nyama inakuwa uji. Mkaa usubiriwe mpaka uvae jivu jeupe. Bi Zuhura hakupenda kuona mwali wowote. Alisema mwali ni wa kuwafurahisha wapiga picha.

Jambo jingine alilonifundisha ni kuangalia sahani zinazorudi. Hakuwahi kumuuliza mteja kama chakula ni kizuri. "Atakudanganya kwa adabu," alisema. "Subiri sahani." Nikanunua daftari la shule na kuanza kuandika: meza ipi iliacha nini, nani aliacha mafuta, nani alificha kipande chini ya kachumbari. Wenzangu walinicheka, wakaniita mwandishi wa habari. Sikujali, kwa sababu daftari lile lilinifundisha kazi kuliko mtu yeyote, ukimwondoa yeye mwenyewe.

Kosa langu la kwanza kubwa lilitokea siku ya mnada. Vijana watano wa Kimaasai, morani, walikuwa wameleta ng'ombe kutoka upande wa hifadhi. Waliagiza mbavu za mbuzi. Nilizichoma vizuri mbele yao, nikaziweka kwenye sinia na kuwapelekea mwenyewe kwa tabasamu. Wote watano wakasimama kwa pamoja, wakachukua fimbo zao, wakatoka. Wa mwisho aligeuka akasema, "Pole, yeyo," yaani mama, na kuondoka.

Bi Zuhura alikuja kuangalia sinia.

"Umewachomea mbele ya macho yao?"

"Ndiyo."

"Na umewapelekea kwa mkono wako?"

"Ndiyo, Bi mkubwa."

"Basi leo tutakula mbuzi sisi."

Ndipo akanieleza kuwa morani hali nyama iliyoonwa na mwanamke. Wazee hawabanwi na mwiko huo. Wiki hiyohiyo akaweka ukuta wa mabati nyuma, na mwanamume mmoja akawa anachoma huko kila mnada. Vijana wa siku hizi wengi hawaulizi tena, wanakula huku wakitazama simu. Lakini akiuliza mmoja nani kachoma, mwambieni kweli. Mimi mwenyewe nilikuja kumficha mtu jambo la chakula chake, na nitawaeleza lilivyonigharimu.

Kabla ya hapo niwaeleze kuhusu Rosario, kwa kuwa wengi wenu mnapika chakula chake bila kujua kilikotoka.

Alikuja mwaka ule ndege ziliposimama dunia nzima. Alikuwa mama wa makamo kutoka Meksiko, amekuja kuona kreta na wenzake. Wenzake walipata ndege ya mwisho, yeye hakupata. Akapanga chumba nyuma ya duka la vitambaa na kuja kula kwetu kila siku. Mji ulikuwa kimya, magari ya watalii yameegeshwa na kufunikwa maturubai, na mara nyingine alikuwa mteja wetu peke yake. Baada ya majuma mawili aliingia jikoni bila kuomba ruhusa, akanawa mikono, akasimama kando yangu. Huko kwao alikuwa na banda la chakula. Alikuwa na maneno ya Kiswahili kama ishirini, na nusu yake yalikuwa majina ya mboga.

Alitaka chapati ya mahindi. Si ugali uliobanwa, wala chapati ya unga wa dukani. Alinionyesha kwa mikono kwamba mahindi makavu lazima yachemshwe na kitu kinachotoa maganda. Mimi nilielewa mara moja, au nilidhani nimeelewa. Mwiraqw gani hajui kuchemsha mahindi? Nikatia magadi, kama tunavyotia kwenye makande. Maganda yalitoka, kweli, lakini nilipotwanga mahindi, donge liliteleza, halikushikana, na lilipogusa kikaango lilivunjika kama udongo wa kiangazi. Rosario alionja kipande, akakitema kwenye leso kwa heshima.

"Sabuni," alisema. Neno hilo alilijua.

Kisha akaenda kwenye jiko la mishikaki, akachota jivu lililopoa, akaliloweka kwenye maji, akayachuja kwa kitambaa, na hayo maji ndiyo akachemshia mahindi. Tukayaacha yalale ndani ya maji yake mpaka asubuhi, tukayaosha mpaka yakawa ya njano safi. Bi Zuhura alitazama ndoo ya jivu kwa muda. Alikuwa akilitupa jivu hilo kila siku tangu afungue mgahawa.

Mwenye mashine ya kusaga alikataa mahindi yaliyolowa, akasema yatamharibia jiwe. Nikaenda Ganako kuchukua jiwe la mama yangu la kusagia, lile ambalo watoto walikuwa wamelifanya kiti. Ndilo mnalolitumia mpaka leo. Msikubali mtu alete jipya la saruji. Seremala akatutengenezea mbao mbili zenye bawaba za kubania donge.

Chapati ya kwanza iliyofaulu ilivimba katikati kama shavu. Rosario aliichukua kwa mkono mtupu, akatia chumvi, akaikunja. Kisha akatugeuzia mgongo na kuila akitazama ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilitaka kumfuata, Bi Zuhura akanishika mkono.

"Mwache. Yuko kwao."

Alikaa nasi miezi mitano. Alinifundisha kuchoma nyanya na pilipili moja kwa moja juu ya mkaa kabla ya kuzitwanga, kukata vitunguu vya Mang'ola vyembamba na kuvilaza kwenye ndimu, kuponda maharage na mafuta. Mishikaki yetu tukaanza kuivua kwenye spoku na kuiweka ndani ya chapati yake, pamoja na parachichi na kotimiri. Jina halisi la chakula hicho Bi Zuhura alikataa lisiandikwe ukutani, kwa sababu kwa Kiswahili linasikika kama sehemu ya mwili tunayoikalia. Tukaandika Chapati ya Meksiko. Siku ndege ziliporudi, Rosario aliondoka asubuhi kwa gari la abiria la Arusha. Namba ya simu aliyoniachia ilikuwa pungufu kwa tarakimu moja. Nimejaribu kuweka kila tarakimu mwishoni, na mwanzoni pia. Bado napenda kumsimulia mambo ninapokanda, kwa Kiswahili, maneno mengi kuliko yale ishirini.

Mwaka mmoja hivi baadaye, siku ya mnada, aliingia mzee mrefu mwenye shuka la buluu na fimbo nyembamba. Hakukaa. Alisimama mbele ya maandishi ya ukutani, ingawa nilijua baadaye kwamba hasomi.

"Sopa," alinisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee. Karibu."

"Nimeambiwa hapa mnapika chakula cha Meksiko."

"Tunapika."

"Nani alikufundisha?"

"Mama mmoja wa hukohuko."

"Alikuwa mnene au mwembamba?"

Nikafikiri kidogo. "Mnene wa kutosha."

Ndipo akakaa.

Jina lake Koinet, wa kijiji cha Endulen huko hifadhini. Binti yake Naserian alisomeshwa uuguzi na masista, naye akawa sista, na shirika lake likampeleka kufanya kazi kwenye zahanati milimani huko Meksiko. Alipiga simu mara moja kwa mwezi, na ili apatikane, mzee alilazimika kupanda kilima chenye mtandao. Alikuwa amemuuliza binti yake anakula nini. Binti alijibu: chapati ya mahindi na maharage.

"Maharage ni chakula cha wakulima," aliniambia. Kisha akanitazama vizuri. "Wewe ni Mwiraqw. Usikasirike."

"Sikasiriki, mzee. Na mimi maziwa yenu ya kibuyu chenye moshi hayanipiti kooni."

Alicheka kidogo. Nikamletea chapati mbili, moja ya mishikaki na moja ya maharage. Aliigusa ya maharage kwa kidole, akaifunua, akaangalia ndani kama anayekagua jino la ng'ombe.

"Maziwa yako wapi?"

"Hawaweki, mzee."

"Pembeni?"

"Hata pembeni."

Hiyo ilikuwa kweli, kwa kadiri nilivyoijua. Rosario hakuwahi kuniomba maziwa. Mzee alikula nyama, akaiacha chapati ya maharage na alama ya jino moja, akaondoka. Niliandika kwenye daftari: mzee wa Endulen, ameacha maharage, amekasirikia maziwa. Sikuwa nimeelewa bado.

Mnada uliofuata alirudi, naye hakuwa na sura ya mtu aliyekuja kula. Alinieleza bila kuulizwa. Naserian alikuwa anakaribia kuweka nadhiri za daima. Akishaziweka, nyumba yake itakuwa huko, na Endulen atakuja kwa likizo tu, baada ya miaka. Kanisa lilikuwa tayari kumpokea, lakini yeye mwenyewe alisema hataweka nadhiri bila baba yake kumtemea mate, ile baraka ambayo mzee wa Kimaasai humpa mtoto anayeondoka. Na mzee alikuwa amekataa.

"Padri anasema namzuilia Mungu," alisema. "Sijamzuilia Mungu kitu. Nimeuliza tu mtoto atakula nini. Mahali pasipo maziwa si mahali. Nitamtemeaje mate aende huko?"

Niliingia jikoni nikiwa na picha ya Rosario akiutazama ukuta. Nilijua mtu aliye mbali anavyoweza kuhesabu umbali kwa kile anachokosa kwenye sahani, na sasa nilikuwa nimeona kwamba anayebaki nyumbani huuhesabu vilevile. Nikachukua chapati mbili za maharage. Nyama nikaiondoa kabisa, maana kwao nyama na maziwa haviliwi siku moja. Kisha nikachota upawa mmoja wa maziwa mgando na kumwagia juu.

"Na haya?" aliuliza.

"Huko huweka," nikasema. "Siku ile nilisahau."

Uongo huo haukuchukua hata muda wa kufuta meza. Mzee alikula chapati zote mbili, akapangusa sahani kwa kipande cha mwisho. Kwenye daftari niliandika kwamba sahani ilirudi nyeupe. Kuhusu maziwa sikuandika.

Kwa miaka minne alikuja kila mnada, na kila mara alikaa meza ya karibu na mlango. Wenzake wa rika lake walikuwa wanachoma mbuzi upande wa pili wa uwanja, na kwa mzee wa Kimaasai mnada ni nyama hiyo, mifugo inafuata. Lakini yeye akishakula maziwa yangu hakuweza kuwafuata. Walikuwa wanamwita tokea kule.

"Koinet, mbavu zinaungua!"

"Nimeshakula maziwa."

"Maziwa ya mgahawani! Umekuwa ndama?"

Aliniambia kwamba wao hawana mtu Meksiko, hawawezi kuelewa. Huko Endulen akawa anaeleza kwamba watu wa Meksiko ni watu wa ng'ombe kama wao, wamepotea tu njia wakavuka maji. Nilimuuliza kwa hofu kama amezungumza na Naserian kuhusu hilo.

"Simu ni ya kusalimia," alisema. "Mambo ya chakula nimeshayajua."

Halafu siku moja, akiwa anafunga shuka ili aondoke, akasema, "Akija likizo nitambariki." Nilifurahi, na kabla sijafika jikoni nikaacha kufurahi. Mtoto wake wa pekee wa kike ataondoka moja kwa moja, na atakuwa amemruhusu kwa sababu ya upawa wangu. Nilijiambia mara nyingi kwamba nitamweleza mnada ujao. Minada ni miwili kwa mwezi. Nilikuwa na nafasi nyingi.

Naserian alikuja. Niliwaona wakivuka barabara, mzee mbele, binti hatua mbili nyuma, amevaa gauni la kijivu la kisista na shuka la Kimaasai mabegani, na viatu vya matairi. Alinamisha kichwa, akanisalimu, "Shikamoo, mama," kwa sauti ndogo iliyozoea wagonjwa.

"Lete kile chakula," alisema mzee. Sijawahi kumwona amenyooka vile. "Leo tunakula wawili. Halafu tunapanda gari, wazee wanatusubiri nyumbani kwa ajili ya baraka."

Jikoni nilipanga sahani mbili na kusimama na upawa. Nikiweka maziwa, binti ataona. Ama atasema kweli mbele ya baba yake, ama atalazimika kudanganya pamoja nami, na huyo ni mtu anayejiandaa kuweka nadhiri. Nisipoweka, baraka inaweza kufa pale mezani, nami ndiye niliyeitegemeza kwenye uongo. Bi Zuhura, ambaye wakati huo alikuwa hapiki tena, alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Hakuwa na habari ya lolote.

"Paskalina," alisema, "chakula kinapoa."

Nikarudisha upawa kwenye sufuria, nikabeba sahani kama zilivyo.

Mzee aliangalia sahani yake, kisha ya binti yake. "Umesahau."

"Sijasahau, mzee. Maziwa nilikuwa naweka mimi. Huko hawaweki. Nilikwambia kweli siku ya kwanza, na siku ya pili nikakudanganya, kwa sababu uliacha chakula."

Alimgeukia Naserian akauliza kitu kifupi kwa Kimaasai. Binti akajibu kifupi zaidi. Kisha mzee akanitazama, akaongea Kiswahili ili nisikie vizuri.

"Miaka minne sijala nyama ya mnada."

"Najua, mzee."

"Wananiita ndama."

"Nimewasikia."

Akachukua fimbo, akatoka. Hakutupa kiti wala hakupandisha sauti, na ingekuwa afadhali angefanya vyote viwili.

Katika miaka yangu yote sikuwahi kukaa meza moja na mteja. Siku ile miguu yangu iliamua yenyewe. Naserian alikuwa anaizungusha sahani taratibu.

"Mama, ulimwambia lini kwamba kuna maziwa?"

Nikamwambia.

"Alikuwa ananiuliza kila simu," alisema. "Unakula nini, unakunywa nini. Kisha akaacha ghafla. Nilidhani ameshazoea kutokuwa na mimi."

Nikamuuliza itakuwaje baba yake asipobariki.

"Nitaandika barua kwa mkuu wetu, nitaomba kubaki. Hospitali ya Endulen wanahitaji watu."

"Na ndicho unachotaka?"

"Kule zahanati ni mimi na mwenzangu mmoja, na watu wanashuka mlima siku nzima kutufikia. Nikiwa kule nawaza ng'ombe wanavyorudi jioni nyumbani. Nimefika juzi, na tayari nawaza nani anampima sukari mama fulani wa kule." Akafuta kitu machoni haraka, kama mtu aliyeingiwa na moshi. "Usiniulize ninachotaka."

Tulikaa hivyo mpaka maharage yakaanza kukauka pembeni. Halafu mlangoni kikaingia kivuli.

Mzee Koinet alikuwa ameshika chupa ya soda iliyojaa maziwa. Niwaeleze, ninyi mliokulia mjini, maana bila kujua hili hamtaona alichofanya. Kwa Wamaasai maziwa ni mali ya mwanamke. Yeye ndiye anayekamua, anayeyagawa, anayeyauza. Mwanamume hupewa. Mzee wa rika lake kwenda mwenyewe kwenye mstari wa akina mama wanaouza maziwa sokoni, akanyoosha mkono na kuomba apimiwe, ni jambo la kusimuliwa. Na kweli, mmoja wa wauzaji alikuwa amemfuata mpaka mlangoni kwetu, dumu mkononi, ili aone kwa macho yake yanakokwenda.

"Endelea kuangalia," mzee alimwambia bila kugeuka. "Ukawasimulie wenzako."

"Nitawasimulia, baba," alisema yule mama, na akaegemea mlango.

Mzee alimimina maziwa kwenye sahani ya binti yake, polepole, mpaka maharage yakafunikwa. Kwenye yake hakumimina hata tone.

"Kule utakula bila," alisema. "Leo kula nayo."

Naserian alikula. Baba yake naye akakunja chapati yake kavu, akatafuna kwa muda mrefu, kama anayetafuna kamba.

"Ni kavu," alisema.

"Ndiyo, baba. Ni kavu."

"Na umeizoea?"

"Nimeizoea."

Alimaliza ya kwanza, akamaliza ya pili. Akapangusa mikono kwenye shuka, akasimama. "Twende. Wazee wanasubiri." Alipopita karibu nami hakuniaga, na sikuwa nimetegemea aniage.

Habari za baraka nilizipata mnada uliofuata kutoka kwa mama wa maziwa, ambaye sasa alijihesabu kuwa mmoja wa familia. Alisema mzee alimtemea binti yake mate kichwani na kwenye viganja, na alitamka maneno marefu kuliko kawaida, mpaka wazee wengine wakakohoa. Naserian akarudi Meksiko. Nadhiri zake ameziweka.

Sikujua kama mzee Koinet atakanyaga tena kwetu. Mnada ule saa tano ilipita, saa sita ikapita. Nilikuwa nimeacha kuangalia mlango nilipoona fimbo imeegemezwa ukutani. Nikamletea chapati mbili za maharage, na kwa mazoea nilikuwa na bakuli la maziwa mkono wa pili. Alifunika sahani kwa kiganja.

"Bila."

"Mzee, nikuletee za nyama basi. Sasa unaweza."

"Nyama ninakwenda kula kule kwa wenzangu. Hapa nakula anachokula yeye."

Na ndivyo imekuwa mpaka siku niliyowakabidhi jiko. Mimi niko Ganako sasa. Mikono yangu haijaambiwa kwamba nimestaafu. Inachemsha mahindi ya watu thelathini kwa nyumba ya watu wawili, na majirani wamechoka kuletewa. Siku za mnada ndizo ngumu. Nikisikia malori ya ng'ombe barabarani najikuta nimefunga kanga vizuri, kama mtu anayeitwa kazini.

Kwa hiyo nawaachia maelekezo, na haya msiyaboreshe. Atafika kabla ya saa sita. Mpeni meza ya mlangoni. Chapati mbili, maharage, bila nyama, bila maziwa, hata akionekana amechoka, hata mkimwonea huruma. Atakula polepole na atasema ni kavu. Mkubalieni kwamba ni kavu. Akisimama atawaomba nyingine moja ya kufungwa kwenye karatasi. Hiyo ni ya mama yake Naserian, ambaye tangu binti aondoke anaisubiri Endulen kila mnada, na amemwagiza mumewe awaambie kwamba naye anataka bila.